Barua kwa mwanangu, kabla ya meli ya Bukoba

Kirumba, Jumamosi usiku

Mama,

Mdogo wako kaniambia umeshakata tiketi ya meli. Kwa nini nisikie kwake na si kwako, hilo siulizi. Nakuomba jambo moja: huko Bukoba usiende bomani kufunga ndoa kimya kimya.

Kile kitabu chako cha Romeo na Juliet ulichokiacha kabatini nimekimaliza. Mama yako ananicheka, eti mzee wa dagaa kaanza shule. Nimeona umepiga mistari ya penseli kila anapoongea Romeo, kwa Paris hakuna hata nukta. Hapo umemwonea. Paris ni ndugu wa mtawala wa Verona, kabisha hodi mlangoni, kaongea na mzazi. Mwisho kabisa anakwenda kaburini na maua, usiku, hakuna wa kumsifu, na Romeo anamuulia palepale. Kosa lake ni kwamba alimposa Juliet kwa baba, Juliet mwenyewe hakumuuliza. Hata walipokutana kwa padri alimwita mke wangu kabla hajaitikiwa.

Romeo aliongea na binti mwenyewe, sawa. Lakini jioni ileile aliingia karamuni akimlilia msichana mwingine, Rosaline! Jumapili wameonana, Jumatatu padri kawafungisha, nyumbani anayejua ni yaya peke yake. Na binti hajatimiza hata miaka 14. Kwetu sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inataka msajili apewe taarifa siku 21 kabla, ili mwenye neno aseme. Mimi nina neno, mama. Usiende bomani kimya kimya.

Huyo mwalimu unayemfuata simchukii. Nasikia anakusikiliza. Sasa mtu mwema anaogopa nini kuja kunywa chai hapa?

Yule wa Kahama washenga wake wamepiga simu tena. Vile vitenge mama yako kavifunga kwenye mfuko, havijaguswa. Sukari iliguswa kidogo. Nilivipokea mimi, wewe ulikuwa chuoni, na siku ile niliona ni heshima.

Mzee Capulet, baba yake Juliet, naye mwanzoni alisema vizuri tu, Paris asubiri miaka miwili, na apate kwanza ridhaa ya binti. Baadaye akapanga harusi mwenyewe, na binti alipokataa akamwambia akafe njaa barabarani. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka kwenda kugeuza dagaa. Kumbe walikuwa wameshaanuliwa tangu saa kumi. Nikasimama pale kwenye chanja tupu. Maneno yangu ya siku ya Pasaka unayakumbuka, sina haja ya kuyaandika.

Cheti chako cha uuguzi nimekitia fremu, kiko dukani juu ya mizani. Kila mteja anakiona, apende asipende. Ila na wewe kuzima simu wiki mbili si adabu.

Mbalamwezi imeanza, mitumbwi haiendi ziwani, dagaa wamepanda bei. Bati la juu ya chumba chako linavuja, nimetega ndoo. Goti la mama yako ni lilelile, dawa ulizomwandikia anameza anapokumbuka.

Ukirudi niletee senene. Na kama mtakuja wawili, niambieni mapema, nimzuie mama yako asiuze yule jogoo mwekundu.

Baba yako