RISALA YA WAFANYAKAZI WA SHAMBA LA MKONGE KWA MGENI RASMI, SIKU YA USALAMA NA AFYA MAHALI PA KAZI, TAREHE 28 APRILI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi ya kampuni yetu, Meneja wa Shamba, viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, wanyapara, wazee wetu wastaafu, wafanyakazi wenzetu wa shambani, wa korona (mashine ya kuchakata jani la mkonge) na wa brashi (mahali pa kusafishia nyuzi):

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha leo. Tunakushukuru na wewe kwa kuitikia mwaliko wetu na kuvumilia barabara ya shambani mpaka hapa. Miaka iliyopita tulikuwa tukiletewa wawakilishi. Safari hii umekuja mwenyewe mwenye uamuzi, na jambo hilo limetupa faraja kubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkonge uliletwa Tanga na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, iliyofika hai ilikuwa 62. Yakafuata ya manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali, ya kutaifishwa mwaka 1967, na ya kubinafsishwa miaka ya 1990. Wazee waliokaa mbele yako wanayajua hayo kuliko sisi, hivyo hatutakuchosha nayo. Kamati yetu ya Afya na Usalama iliundwa kutokana na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tangu hapo haijalala.

Mafanikio ni mengi na makubwa. Tumepata sanduku la pili la huduma ya kwanza, na sasa korona na brashi kila moja ina lake. Kila Ijumaa jioni tunafanya mazoezi ya viungo, na timu yetu ya netiboli inaogopwa na mashamba yote ya jirani. Uvutaji wa sigara karibu na ghala la singa, yaani nyuzi za mkonge, umekoma kabisa. Wakataji wa mkonge wengi sasa wanavaa mabuti, na wenye miwani ya kukinga macho wameongezeka, jambo kubwa kwetu tunaojua mwiba wa ncha ya jani unavyoweza kumtia mtu upofu. Kwa haya yote tunaushukuru uongozi wa shamba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya shukrani hizo, tunaomba uturuhusu tuseme jambo moja kwa kirefu. Jambo hilo ni bima ya afya.

Utaratibu wa sasa ni huu. Mfanyakazi akiugua, anakwenda ofisini kuomba karatasi ya matibabu. Karatasi inahitaji sahihi, na mwenye sahihi akiwa mjini, mgonjwa anasubiri. Ikiwa ni Jumamosi mchana, anasubiri hadi Jumatatu. Karatasi ni ya mfanyakazi peke yake. Mkewe na watoto hawamo. Kibarua wa msimu hana karatasi kabisa, ingawa jani analokata yeye linaingia korona ileile. Mtoto akishikwa na homa usiku, baba anapita nyumba kwa nyumba kukopa, na tunapitisha daftari la mchango hata kwa ugonjwa ambao dawa yake ni ya bei ndogo.

Kwa hiyo watu wanakwenda hospitali wakiwa wamechelewa. Mwenzetu mmoja wa korona alikuwa na presha ambayo haikuwahi kupimwa. Alianguka zamu ya asubuhi, na hadi leo mkono wake wa kulia haufanyi kazi. Hospitali ilidai fedha nyingi na kampuni ililipa, tunakiri na tunashukuru. Lakini mashine ya kupimia presha ingegharimu kiasi gani?

Tunajua kuwa Bodi inahesabu gharama, na ni haki yake. Tunaomba basi hesabu ifanywe yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mgonjwa likizo ya siku 126 katika miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Fedha hiyo inatoka. Korona ikipungukiwa watu, jani lililokwisha kukatwa linalala juani, singa zinapoteza rangi na daraja linashuka. Fedha hiyo nayo inatoka, ila haiandikwi kwenye fungu la matibabu. Ankara ya hospitali haijulikani mpaka ifike; mchango wa bima unajulikana tangu mwanzo wa mwezi.

Tulipouliza, tulijibiwa kwamba tayari tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwa heshima zote, Mheshimiwa, Mfuko ule ni wa ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Haumtibu mtoto malaria, wala haumsaidii mama kujifungua.

Mwaka juzi, kwenye uwanja huuhuu, tuliahidiwa kwamba bima ingeanza kabla ya masika. Tulijaza fomu na kupiga picha za pasipoti kwa fedha zetu. Mwaka jana tukaambiwa taratibu zinaendelea. Baadhi ya waliopiga picha zile wamestaafu, na mmoja tumemzika. Hatusemi haya kwa ubaya. Tunayasema kwa sababu mgeni rasmi wa leo asipoyasikia kwetu, hatayasikia kwa mtu mwingine.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Katika utaratibu uliozoeleka wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi, na unamhudumia mchangiaji, mwenzi wake na wategemezi wanne. Mkutano mkuu wa tawi umekwisha kukubali nusu yetu ikatwe. Hatuombi sadaka. Tunaomba nusu ya kampuni, vibarua wa msimu watafutiwe njia ya kuingia, na kila mwaka tupimwe presha na sukari, watu wa brashi wapimwe kifua kwa ajili ya vumbi, na wa korona wapimwe masikio.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, fomu za mwaka juzi tunazo nakala zake, zipo mezani mbele yako pamoja na orodha mpya ya majina. Tunakuomba, kabla hujapanda gari, uitaje hadharani tarehe ambayo mchango wa kwanza utapelekwa, na Katibu wetu aiandike kwenye kitabu cha kumbukumbu wote tukiwa tunashuhudia.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Afya na Usalama, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa shamba.