Maneno ya matembezi na dansi, kutoka Blackpool

Blackpool, Uingereza

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mombasa, wewe pamoja na baba yako na mama yako. Sisi huku tu wazima, baridi tu ndiyo imeanza kukaza. Tumefurahi sana kusikia umepata kazi ya kuongoza wageni. Umeniuliza kuhusu maneno ya Kiingereza ya kutembea, hasa hilo "promenade" ambalo kila mgeni hulitumia kivyake. Mji huu ndio mahali pake hasa: limeandikwa kwenye mabango ya barabara, na jioni unalisikia tena kwenye kumbi za dansi.

Tuanze na mwendo wenyewe. "Stroll" ndilo salama kuliko yote, ni kutembea taratibu kwa kujiburudisha, kama watu wanavyopunga upepo kando ya bahari pale Lighthouse jioni. Ukisema "we'll take a stroll", mgeni anaelewa hakuna haraka wala kilima. "Saunter" nalo ni la polepole, ila lina madaha ndani yake, kwa hiyo hutumika zaidi kumweleza mtu alivyokuja kuliko kumwalika mgeni. "Amble" ni mwendo wa raha usio na shabaha. Asili yake ni mwendo wa farasi anayeinua miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, ambao haumtikisi aliyempanda. "Wander" ni kurandaranda, na lina harufu ya kupotea. Liweke kwa ajili ya vichochoro vya Mji wa Kale, maana huko kupotea kidogo ndiko wageni wanakokupenda.

Kuwa mwangalifu na "ramble". Kwa Mwingereza hayo ni matembezi marefu ya mashambani, ya viatu vizito na ramani mkononi, na watu wameyapigania: mwaka 1932 mamia walipanda mlima wa Kinder Scout bila idhini ya wenye ardhi, na watano wakafungwa jela. Ukiita hivyo mzunguko wa saa moja kuzunguka ngome ya Fort Jesus, wazee watakuja na mikongojo na chupa za chai.

Makosa yetu sisi ni matatu. Kwetu mtu husema "I footed to town". Mwingereza hatakuelewa, sema "I walked" au "I came on foot". Pili, usiseme "let's go for walking", sema "let's go for a walk". La tatu ni la aibu zaidi: usimwite mtu anayetembea mjini "streetwalker", maana hilo ni jina la mwanamke anayeuza mwili barabarani. Sema "pedestrian", yatosha.

Sasa njia. Hapa pana neno linaloweza kumuumiza mtu kweli. "Pavement" kwa Mwingereza ni ile sehemu ya pembeni iliyoinuliwa, ya wenda kwa miguu. Kwa Mmarekani, "pavement" ni sakafu ngumu ya barabara, lami yenyewe inayopitiwa na magari, na ile ya pembeni anaiita "sidewalk". Kundi likiwa mchanganyiko, usipige kelele "stay on the pavement" matatu zinapopita. Onyesha kwa mkono, useme "stay on this side, off the road". "Footpath" nchini Uingereza ni njia ya umma ya miguu tu, baiskeli haziruhusiwi kisheria kama zinavyoruhusiwa kwenye "bridleway", ambayo ni ya farasi pia.

Njia za kando ya bahari zina majina yao. "Boardwalk" kwa kawaida huwa ya mbao. Ile maarufu ya Atlantic City, Marekani, ilijengwa mwaka 1870 ili watu wasibebe mchanga mpaka ndani ya hoteli na mabehewa ya treni. "Pier" ni gati linaloingia baharini juu ya nguzo. Hapa tunayo matatu, la kwanza likiwa la mwaka 1863. "Esplanade" zamani ilikuwa uwanja wazi ulioachwa kati ya ngome na mji ili adui asipate pa kujificha, kwa hiyo neno hilo litakufaa ukisimama na wageni mbele ya Fort Jesus.

"Promenade" yenyewe ni neno la Kifaransa kwa asili, na maana yake ya kwanza ni matembezi ya kujionyesha na kuonana. Kisha mahali pa matembezi hayo pakachukua jina. Hapa watu hulifupisha: "down the prom" ni kwenda kando ya bahari. Lakini Mmarekani akikwambia alikutana na mumewe "at the prom", anazungumzia dansi ya kumaliza sekondari. Na Mwingereza akisema "the Proms" ni muziki wa London, maonyesho yaliyoanza mwaka 1895. Yaliitwa hivyo kwa kuwa wenye tiketi za bei nafuu hawakupewa viti, walisimama na waliweza kutembea muziki ukipigwa. Hata leo wapo wanaosimama. Matamshi pia yanatofautiana: Uingereza mwisho ni "-naad", Marekani ni "-neid".

Nikueleze la dansi kwa kirefu, maana wageni wengi wa umri mkubwa ni wachezaji, na hoteli yenu ina usiku wa dansi. Hapa Tower Ballroom, ukumbi wa mwaka 1899 uliosanifiwa na Frank Matcham, sakafu ina vipande 30,602 vya mahogani, mwaloni na wolnati, na kila alasiri wazee wanateleza juu yake. Katika dansi za waltz, tango na foxtrot, "promenade" ni mkao wa wachezaji wawili. Ubavu wa kulia wa mwanamume na ubavu wa kushoto wa mwanamke hubaki karibu, pande zao nyingine hufunguka, wakawa kama herufi V, kisha wote wawili wanakwenda kuelekea upande ule ulio wazi. Katika waltz mwanamume hupeleka mguu wa kulia mbele ukivuka, mwanamke wa kushoto, kwa hesabu ya "moja"; "mbili" ni hatua ya kando, miguu inakutana kwenye nusu pigo, na "tatu" ni kando tena. Hatua nne ndani ya mapigo matatu.

Kinachoharibika ni ile V kufunguliwa mno. Mwanamume anamsukuma mwenzake kwa mkono wa kulia, mwanamke anageuza mabega yote badala ya kichwa na miguu, nyonga zinaachana, na ile hatua ya kuvuka inagonganisha magoti. Dawa ni V nyembamba, na mkono wa kulia wa mwanamume utulie mgongoni bila kusukuma. Ukimwona mgeni analalamika magoti, tazama nyonga kwanza.

Katika square dance ni jambo jingine kabisa. Jozi nne zimesimama mraba, mwitaji, yaani anayetangaza hatua, anaita "promenade", na kila jozi inageuka ubavu kwa ubavu, mwanamke kuliani, wakishikana kulia kwa kulia na kushoto kwa kushoto mbele yao. Wanazunguka kinyume cha saa mpaka mahali walipoanzia, mzunguko kamili kwa hatua 16. Wanaochelewa ni kwa sababu wamepanua duara. Wakisogea katikati, hatua 16 zinawatosha. Kwenye baleti ni kugeuka polepole juu ya mguu mmoja, kisigino kikisogezwa kidogo kidogo, lakini hilo sidhani utaulizwa.

Njia ya kando ya bahari pale Mama Ngina unaweza kuiita "promenade" bila wasiwasi, ingawa kibao kinasema "waterfront". Niandikie wageni wako wanatoka wapi zaidi, Uingereza au Marekani, nikuandalie orodha ya maneno ya chakula na ya usafiri kwa upande huo. Msalimie bibi, mwambie dawa zake za miguu nitampa mtu anayekuja mwezi ujao.

Wasalaam,
Shangazi yako