Kwa nini mbao za paini hazitoki tanurini kwa haraka

Mteja akifika kwetu hapa Mtwara kuulizia mbao za paini, swali la kwanza huwa ni lini zitatoka. Haraka hiyo tunaielewa: fundi yuko saiti, na mvua haimsubiri mtu. Lakini ubao uliokaushwa kwa pupa hupasuka nchani, hujinyonga, au hutoka umenyooka vizuri na kumbe umeficha kasoro ndani.

Hiyo ya kujificha ndiyo mbaya zaidi. Moto ukizidi mwanzoni, ngozi ya ubao hukauka na kukakamaa wakati moyo bado una maji. Baadaye moyo nao husinyaa, ngozi huuzuia, na ubao hubaki na mvutano. Seremala akija kuupasua kati kwa msumeno, vipande viwili hujikunja na kuubana msumeno. Ndiyo maana siku za mwanzo tunaacha tanuri liwe na unyevu mwingi na joto la wastani, na mwishoni tunarudisha mvuke ili ngozi ilegee.

Paini zetu hutoka nyanda za juu, Mafinga na Njombe. Ubao mbichi ukifungiwa chini ya turubai safari nzima ya Songea, Tunduru na Masasi, hushika ukungu wa bluu. Ukungu huo hauondoi nguvu ya maana, ila doa huzama ndani na randa hailimalizi. Kwa hiyo lori likifika tunashusha na kupanga papo hapo.

Kupanga nako kuna kazi. Vipapi vya kutenganisha mbao lazima viwe na unene mmoja na visimame mstari mmoja toka chini hadi juu. Mbao zilizopasuliwa karibu na kiini cha mti mchanga tunaziweka chini kabisa, zikandamizwe na uzito, maana hizo ndizo hujinyonga.

Kwa milango na makabati tunakausha hadi unyevu wa asilimia 12 hadi 14, na mwishoni joto hupita nyuzi 70 ili utomvu ugande usije ukatoboa vanishi. Mbao za kenchi zikishuka chini ya asilimia 20 zinatosha, kwa hiyo tuambie mapema unajenga nini. Siku ya kuchukua mzigo, chagua ubao wowote, tutaupasua mbele yako uone kama unajikunja.