Barua ya malalamiko: Hita ya sola iliyochelewa na nafuu ya kodi iliyopotea

Columbus, Ohio
2 Machi 2026

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

YAH: KUCHELEWESHA KAZI HADI NAFUU YA KODI IKAPOTEA, NA UFUNGAJI WENYE KASORO (MKATABA WA 6 OKTOBA 2025)

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba wetu wa hita ya maji ya sola ni wa dola 11,400: paneli mbili za kukusanya joto za futi 4 kwa 8, tangi la galoni 80, pampu, kidhibiti, mabomba ya shaba, kazi ya fundi, na kuezeka upya upande mmoja wa paa. Siku ya kusaini tulilipa dola 8,000. Mkataba unasema kazi itakamilika ifikapo 12 Desemba 2025. Imekamilika Januari 2026, na kwa kuchelewa huko nafuu ya kodi ya asilimia 30, ambayo ndiyo mliyoitumia kutuuzia, haipo tena. Tunadai dola 2,790 na marekebisho ya kasoro nne.

Sheria hii mlitakiwa muijue kuliko sisi. Sheria ya shirikisho la Marekani namba 119-21, iliyosainiwa 4 Julai 2025, ilifuta nafuu ya kodi ya nishati safi majumbani kwa gharama zote zinazofanyika baada ya 31 Desemba 2025. Mlipotusainisha mkataba, miezi mitatu ilikuwa imeshapita tangu sheria hiyo isainiwe. Na kwa hesabu ya kodi, gharama haifanyiki siku fedha zinapotoka mfukoni, inafanyika siku ufungaji unapokamilika. Mamlaka ya kodi, IRS, ililieleza hilo waziwazi Agosti 2025. Kwa hiyo jibu lenu la barua pepe kwamba "mlilipa mwaka 2025, basi mnastahili" si sahihi. Hata tungelipa senti ya mwisho Oktoba, kazi ikimalizika Januari ni ya 2026.

Mfuatano wa tarehe ni huu, na picha zake mnazo. Tarehe 19 Desemba mafundi wenu walifunga paneli juu ya paa, wakaziba midomo ya mabomba kwa utepe wa gundi, wakaondoka. Tangi lililetwa 8 Januari. Jaribio la shinikizo na kujaza glaikoli, kimiminika cha kuzuia kuganda kinachobeba joto kutoka kwenye paneli hadi kwenye tangi, vilifanyika 14 Januari. Mkaguzi wa jiji alisaini kibali 21 Januari. Tukiwapendelea kwa kuacha ukaguzi pembeni na kuhesabu siku maji ya kwanza yalipopata moto, bado ni 14 Januari. Paneli mbili juu ya paa ambazo hazijaunganishwa na tangi haziwezi kuitwa mfumo uliokamilika.

Sasa tuje kwenye karatasi mliyotuletea 3 Februari. Ni hati ya kukamilika kwa kazi, imeandikwa 30 Desemba 2025, na mnataka tuisaini ili "tuambatanishe na kodi". Hatutaisaini. Kwanza, Fomu 5695, ambayo ndiyo ya kudai nafuu hii, haiambatanishwi na risiti wala hati ya fundi. Mlipa kodi anaandika kiasi, anatia saini kwa kiapo, na ushahidi anautunza nyumbani hadi atakapoulizwa. Pili, atakayeulizwa ni sisi, si ninyi. Faini ya kawaida ya kupunguza kodi kwa uzembe ni asilimia 20 ya kilichopungua, na ikionekana ni udanganyifu inapanda hadi asilimia 75. Kibali cha jiji chenye tarehe ya Januari ni kumbukumbu ya umma, mtu yeyote anaweza kukiomba. Kama kuna wateja wengine mliowapelekea karatasi ya aina hii, wajulisheni mapema kabla hawajawasilisha. Mwisho ni 15 Aprili.

Mlipendekeza pia tubadilishe, tufungiwe hita ya pampu ya joto mwaka huu ili tupate "dola 2,000 za serikali". Nafuu hiyo nayo ilikufa siku ileile. Ilikuwa ya vifaa vilivyoanza kutumika hadi 31 Desemba 2025. Muuzaji anayeitaja Machi 2026 ama hasomi ama anajua anachofanya.

Kuhusu kiasi. Kwenye karatasi ya bei mliandika: 11,400 × asilimia 30 = dola 3,420. Hesabu hiyo ilikuwa na makosa tangu siku ya kwanza, hata kazi ingekwisha kwa wakati. Dola 1,600 ni za vigae vya paa, na vigae vya kawaida ni sehemu ya nyumba, havihesabiwi kwa sababu tu paneli zimekaa juu yake. Dola 500 ni ruzuku tuliyolipwa na shirika la umeme kwa hita hii, nayo hupunguzwa kwenye gharama kabla ya kupiga asilimia. Kilichobaki ni dola 9,300, pamoja na kazi ya fundi na mabomba, ambavyo kwa hita ya sola huhesabiwa. Asilimia 30 yake ni dola 2,790. Ndiyo maana hatudai 3,420. Tunadai kile ambacho kweli tungekipata.

Na neno moja kuhusu lugha, kwa kuwa mnatangaza kwa Kiswahili na mkataba mliandika kwa Kiswahili. Kipeperushi chenu kinaita nafuu hii "mkopo wa kodi", na muuzaji aliieleza kama "hundi kutoka serikalini". Si mkopo, kwa maana hakuna wa kulipwa. Si hundi pia. Ni kiasi kinachopunguza kodi ya mapato unayodaiwa, na kodi hiyo ikifika sifuri, kilichozidi hakirudishwi mkononi, kinasogezwa mwaka unaofuata. Kwa familia yenye watoto wanne na mshahara mmoja wa ghalani, ambayo kodi yake ya mwaka inaweza kuwa dola mia chache tu, tofauti kati ya hundi na nafuu ndiyo tofauti kati ya kumudu hita hii na kutoimudu. Sisi kodi yetu ya 2025 inatosha kumeza dola 2,790 zote, na karatasi zake tutawaonyesha mkitaka.

Kasoro za ufungaji zilionekana 20 Februari, mfumo ulipokaguliwa na fundi wa nje.

Kubwa ni kihisi cha joto cha paneli. Kimefungwa chini, kwenye bomba linaloingiza glaikoli baridi, badala ya juu inapotokea ikiwa moto. Saa 4:40 asubuhi, jua likiwa wazi, kidhibiti kilisoma paneli nyuzi 71 za Fahrenheit na chini ya tangi nyuzi 64. Tofauti ni 7, na pampu imewekwa iwake tofauti ikifika 12, kwa hiyo ikabaki imelala. Wakati huohuo kipimajoto kilichobanwa kwenye bomba la juu kilionyesha nyuzi 148. Moto wote umekaa juu ya paa, kidhibiti hakijui, na elementi ya umeme ndani ya tangi inafanya kazi yote. Dawa ni kuhamisha kihisi hadi mdomo wa kutokea, kipakwe pasta ya kupitisha joto, kifungwe kwa chuma na kufunikwa dhidi ya upepo.

Glaikoli ni hafifu. Kipimo kilionyesha asilimia 30, ambayo huanza kuganda karibu na nyuzi 8 za Fahrenheit. Columbus imewahi kushuka hadi 22 chini ya sifuri, Januari 1994. Mkataba unasema asilimia 50. Mzunguko wetu una galoni 6: toeni galoni 1.7, rudishieni galoni 1.7 za glaikoli tupu, zungusheni pampu, kisha pimeni tena. Iwe glaikoli ya propilini, yenye dawa ya kuzuia kutu, si ile ya radieta ya gari ambayo ni sumu, kwa kuwa kwenye mfumo wetu glaikoli imetenganishwa na maji ya kunywa kwa ukuta mmoja tu wa shaba.

Vali ya kuchanganya maji imegeuzwa: bomba la moto limeingia upande wenye herufi C, yaani wa maji baridi. Imewekwa nyuzi 120, tangi lilikuwa 140, na bomba la jikoni likatoa 138. Maji ya 140 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde tano, ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Hili lisisubiri mengine.

Ya nne ni sponji ya kijivu mliyovalisha mabomba ya juu. Ni ile ya mabomba ya kawaida ya ndani ya nyumba, na karibu na paneli imeshanywea, shaba iko nje. Panahitajika mpira wa EPDM, aina ya mpira unaostahimili joto kali, wenye ganda la kuukinga na jua.

Tunaomba yafuatayo: vali irekebishwe ndani ya siku tatu baada ya kupokea barua hii, kasoro nyingine tatu ndani ya siku 14, bila malipo, na fundi aache karatasi yenye vipimo vya glaikoli na shinikizo, dola 2,790 zilipwe au zikatwe kwenye dola 3,400 tunazodaiwa, ifikapo 31 Machi, na ile hati ya 30 Desemba ifutwe kwa maandishi. Mkichagua kukata, tutalipa dola 610 zilizobaki siku kasoro zitakapomalizika.

Tusipopata jibu, barua hii na viambatanisho vitakwenda kitengo cha kulinda walaji cha Mwanasheria Mkuu wa Ohio, na dai litafunguliwa mahakama ya madai madogo, ambayo hapa husikiliza hadi dola 6,000.

Viambatanisho: mkataba, karatasi ya bei, picha 11 zenye tarehe, nakala ya kibali cha jiji, hati ya 30 Desemba isiyosainiwa, na vipimo vya 20 Februari.

Wateja wenu,
wenye nyumba, mkataba wa 6 Oktoba 2025