Umeme wa kimya kule ziwani

Musoma,
Novemba

Mpendwa Mama Mugisha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Bhoke amepona malaria na amerudi shule, na vuli imeanza kwa kusuasua ila mahindi yamefika magotini.

Barua yako niliipata Jumamosi, na kuna mahali nilikwama nikashindwa kuendelea. Umeandika kwamba Mugisha ameanza kwenda ziwani na wavuvi wa dagaa wa Nyamkazi hapo Bukoba, na kwamba usiku ukiona umeme unamulika upande wa mashariki bila ngurumo, moyo wako unatulia kwa sababu ni ule umeme wa joto tu tuliouzoea tangu utoto. Mwenzangu, ndiyo maana nimeshika kalamu usiku huu huu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa juu ya yale mawe nyuma ya nyumba ya bibi, tukitazama anga la magharibi likimweka juu ya ziwa? Bibi alisema ni joto la mchana linatoka majini. Tulimwamini, na kweli umeme ule haukuwahi kutufikia hata siku moja. Sasa nafundisha sayansi darasa la sita, na kila mwaka watoto wananiuliza swali lile lile, kwa hiyo nimelazimika kulielewa vizuri. Hakuna umeme unaozaliwa na joto peke yake. Ule tuliokuwa tunautazama ni radi kamili, yenye mvua na upepo wake, ila iko mbali. Usiku mwanga wake unaonekana hata kilomita 100 na zaidi, hasa ukimulika ndani ya wingu refu. Ngurumo haifiki huko. Hewa ya chini ina joto kuliko ya juu, basi sauti inapinda kuelekea angani, na ukipita kilomita 15 au 20 husikii kitu.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni hili: mimi na wewe tunatazama radi ile ile, lakini kutoka pande mbili za ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto haraka, upepo unavuma kutoka ziwani, mawingu yanajikusanya huku juu ya vilima. Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa, maji yanabaki na joto lake, pepo za pwani zote zinashuka na kukutana katikati ya ziwa, hewa inapanda, wingu linakua hadi lina barafu ndani. Punje za barafu zikigongana ndipo umeme unapozaliwa. Kisha upepo wa mashariki unalisukuma wingu lile kwenda magharibi. Kwetu Musoma linaondoka. Kwenu Bukoba linakuja.

Mwezi wa nne nilipokuja kwako tulikaa barazani saa tatu usiku tukila senene, na anga la ziwa likamulika kimya kabisa. Ulisema, "Kama nyumbani." Nami nikaitikia. Saa kumi na moja alfajiri niliruka kitandani, vikombe vinagongana kabatini, mvua inapiga bati hatusikilizani. Ulicheka ukasema mvua ya Bukoba ni ya asubuhi. Niliporudi nikaanza kuhesabu saa: ule umeme wa saa tatu ulikuwa umetumia usiku mzima kuvuka ziwa hadi mlangoni kwako.

Kwa hiyo Mugisha akiwa ndani ya mtumbwi, kimya kisimdanganye. Wewe ulikulia kwa watu wa ng'ombe na hukuwahi kulala ziwani, lakini mimi baba yangu alivua dagaa, na usiku mmoja alinichukua. Taa zinawashwa juu ya maji, macho yote yanashuka kwenye ule mviringo wa mwanga, na ukiinua kichwa huoni anga, unaona weusi mtupu. Injini ikiwaka husikii ngurumo hata iliyo karibu. Na pale katikati ya maji hakuna mti wala nyumba. Kitu kirefu kuliko vyote ni mvuvi aliyesimama anavuta wavu. Tena radi huweza kutoka kwenye wingu na kupiga kilomita 10 mbele ya mvua yake, mahali ambapo juu bado kuna nyota.

Mwambie wapeane zamu: mmoja azipe taa mgongo aangalie mashariki. Umeme ukionekana unapanda juu zaidi angani kila baada ya muda, au nyota za upande ule zikianza kufichwa, ni wakati wa kupakia wavu, hata kama dagaa wamejaa. Najua ni vigumu, usiku wa giza ndio wa riziki. Wakisikia ngurumo ya kwanza tayari wamechelewa, na nusu saa ya safari hadi mwaloni ni ndefu mno. Ngurumo husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo akihesabu 30 kati ya mwanga na mlio, radi iko kilomita 10, ndani ya masafa ya kumpiga.

Na wakifika mwaloni wasijibanze kwenye lile banda la makuti wala chini ya mwembe. Waingie kwenye nyumba ya matofali au ndani ya gari la bati, wakae nusu saa nzima baada ya ngurumo ya mwisho. Nawe nyumbani chomoa simu kwenye chaji, acha kuosha vyombo, usiegemee ukuta. Hata nyumba si kinga timilifu kama haina waya wa kupeleka radi ardhini. Oktoba 2018 kule Geita radi iliua wanafunzi sita wakiwa shuleni, na mimi tangu siku ile siwaachi watoto wangu wakae madirishani. Kufunika vioo na kukataza nguo nyekundu tuliachiwa na wazee. Radi haichagui rangi.

Mtu akipigwa, mshikeni. Watu huogopa wakidhani bado ana umeme mwilini. Hana. Mara nyingi moyo ndio uliosimama, na mikono inayomkandamiza kifua kwa nguvu na kwa haraka, bila kupumzika hadi afike hospitali, ndiyo inayoweza kumrudisha.

Nimempa mjomba anayepanda meli kutoka Mwanza wiki ijayo kifurushi chenu. Ndani kuna ile redio ya marehemu baba aliyokuwa anakwenda nayo ziwani. Kila umeme ukimulika, hata wa kimya, redio ilikwaruza, na mkwaruzo ukizidi sauti ya mtangazaji baba alisema, "Vuta wavu." Mugisha aiweke kwenye masafa ya kati (AM), FM haikwaruzi. Kifuniko cha betri kimelegea, nimekifunga kwa uzi wa wavu, asiukate.

Ni mimi wako,
Mama Bhoke