Risala ya Klabu ya Utafiti kwa Mgeni Rasmi: "Mmeitoa Wapi?"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa klabu ya utafiti ya shule yetu hapa Kigoma, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umeacha kazi nyingi mezani ili ukae nasi mchana huu. Ahsante sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu hii ilizaliwa na aibu. Tulipewa kazi mradi ya Historia kuhusu MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika tuliyokua tukiiona bandarini. Kundi moja likasoma mbele ya darasa kwamba Waingereza waliizamisha kwa mizinga. Kundi la pili likasema Wajerumani waliizamisha wenyewe. Mwalimu akauliza swali moja tu: "Mmeitoa wapi?" Kundi la kwanza likajibu, "Gugo." Kundi la pili likanyamaza, maana kazi yao waliinunua steshenari ikiwa imeshachapwa, wakabadilisha majina tu.

Tukaanza upya, safari hii kila sentensi ikidaiwa ilikotoka. Ndipo tukajua kuwa meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kufungashwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Iliposhushwa ziwani mwaka 1915 iliitwa Graf von Goetzen. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walipoona Kigoma inawatoka, mafundi waliipaka injini grisi nene, kisha wakaizamisha karibu na Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kumbe kundi la pili lilikuwa sahihi! Hilo ndilo lililotuuma zaidi: walikuwa na ukweli mkononi na hawakuweza kuutetea.

Tangu siku ile kila mwanachama ana kaunta buku iliyopigwa mstari katikati ya ukurasa. Kushoto unaandika ulichosoma. Kulia, kabla hujafunua ukurasa mwingine, unaandika mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mchapishaji na namba ya ukurasa. Cha mtandaoni unakiongezea tarehe uliyokisoma, kwa kuwa mtandao hubadilishwa usiku na mchana.

Wazee nao ni chanzo, na wana haki ya kutajwa kama waandishi wa vitabu. Tulipokwenda mwaloni Kibirizi kuuliza habari za dagaa, tuliomba ruhusa kwanza, tukaandika jina, mahali na siku. Mzee mmoja akataka tumsomee tulichoandika. Tulikuwa tumeandika kwamba wavuvi hupumzika mwezi unapoandama. Akatikisa kichwa: "Andikeni mwezi ukiwa mpevu, wanangu. Ukiandama giza lipo, taa zetu zinawavuta dagaa, ndiyo kazi yenyewe." Tukafuta palepale. Bila kumsomea, kosa lile lingekuwa limebeba jina lake.

Wakati mwingine vyanzo vyenyewe vinapingana. Stanley aliandika kuwa alikutana na Livingstone pale Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, lakini daftari la Livingstone linaelekeza mwishoni mwa Oktoba. Homa na safari ndefu ziliwavurugia hesabu ya siku. Sisi tunaandika tarehe zote mbili, kila moja na mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vitabu vya rejea tulivyonavyo ni vichache. Simu haziruhusiwi shuleni, nasi tunaitii sheria hiyo, hivyo wengi wetu husubiri usiku waazime simu ya mzazi, bando likiwepo. Tunaomba utusaidie kupata kompyuta mbili za maktaba. Tunaomba pia utuombee kwenye ofisi za mkoa na bandari, ili mwanafunzi akifika na barua ya Mkuu wa Shule aruhusiwe kusoma nyaraka za zamani. Wazazi wetu, tunawasihi msitupe hela ya kununua kazi iliyokwisha kuandikwa. Tupeni nauli ya kwenda kuuliza.

Kaunta buku zetu zimepangwa kwenye meza ile karibu na mlango. Tunaomba upite, uchague sentensi yoyote, utuulize tumeitoa wapi.

Tunaomba kuwasilisha.