Suanmeitang upike mwenyewe

Mwanangu mpenzi,

Umeniambia joto la Beijing halikupi usingizi na kila siku unanunua suanmeitang ya chupa, kile kinywaji chao cha plamu chachu. Nimeionja. Tamu imezidi, na moshi hauusikii kabisa. Sasa una jiko, pika mwenyewe.

Moshi unatoka kwenye wumei. Ni matunda ya jamii ya plamu, huchumwa mabichi na kukaushwa kwa moto wa polepole mpaka yawe meusi tii. Usichukue pakiti iliyokwisha changanywa. Nenda duka la dawa za asili, upimiwe kila kitu mbali, unuse wumei kabla hujalipa.

Kwa lita 2 za maji weka wumei gramu 30, vipande vya shanzha (matunda madogo mekundu, machachu) gramu 30, chenpi (maganda makavu ya chenza) gramu 5, na gancao gramu 5, ile mizizi ambayo bibi yako anaijua kama urukususu. Ongeza choya kidogo ipate rangi. Suuza, loweka nusu saa. Sufuria iwe ya chungu au stenlesi. Alumini hapana, uchachu unaila. Ikichemka punguza moto, funika, uiache dakika 45. Usiikimbize, mwanangu. Ikiwa tayari utaona maji yamekuwa mekundu ya kuiva na jikoni kote kumejaa harufu. Hapo tia sukari ya mawe, onja, epua, nyunyiza guihua, yale maua madogo yanayonukia, kisha chuja. Machicha usimwage, yanachemka mara ya pili kwa maji machache.

Jirani yangu mmoja, bibi wa Beijing, ndiye aliyenifunza. Alinieleza kwamba zamani wauzaji wa suanmeitang huko walikuwa wakigonganisha vibakuli viwili vya shaba kuita wateja. Nilifurahi sana! Nani angedhani wana desturi moja na wauza kahawa wetu wa Unguja na vikombe vyao?

Watu watakwambia inatibu hiki na kile. Mimi nakupa kinywaji cha kupozea joto tu. Ukiumwa nenda hospitali. Na wewe na vidonda vyako vya tumbo, usinywe kabla hujala, kwa sababu ni kali. Baba yako akija huku gancao simwekei kabisa. Ikizidi inapandisha presha, na yake unaijua.

Chenpi usinunue, nitakutumia mimi. Xinhui, inakotoka ile nzuri, si mbali na hapa Guangzhou, na wenyewe hawaikubali mpaka maganda yakae miaka 3 na zaidi. Niandikie anwani yako kwa Kichina, na namba ya simu unayoipokea, mleta vifurushi asije akaurudisha mzigo.

Mama yako